Herufi Thelathini na Tano

Kti.

Komeo la mlango liligonga mara moja gizani, likanyamaza. Sikudhani alikuwa amekwisha kuketi kitandani kabla hajajua kuwa ameamka, mkono mmoja juu ya tumbo la mwanawe Tunu, mwingine umeshika khanga kifuani. Alingoja pigo la pili. Mumewe Kondo hakuwa mtu wa kugonga mara moja. Hugonga mara mbili kwa pete yake, kti-kti, kwa adabu, hata akiwa ametoka chooni tu. Pigo la pili halikuja. Ulikuwa upepo, na upepo haukulelewa na mtu.

Ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, umeme umekatika mtaa mzima. Kwenye tovuti ya shirika la umeme, mtaa huohuo ulikuwa unameremeta, taa nne kila nyumba, na chini ya taa hizo familia imesimama inacheka. Sikudhani aliifahamu vizuri picha hiyo. Aliichagua yeye.

*

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina, maana jina lake lilikuwa bado wizarani linatafutiwa picha. Itoshe kusema ilikuwa nchi yenye adabu sana. Wahenga wake walisema mgeni hafunui chungu: ukikaribishwa, sifia harufu, ungoje kupakuliwa. Basi simu zilipoingia, na watu wakaanza kutumiana habari za kwenye tovuti, kila habari ikija na picha yake ndogo, kichwa chake na mistari miwili ya kuonjesha, wananchi walikitazama hicho kionjo, wakashukuru, wakampelekea jirani. Kufungua habari yenyewe usome kilichomo ndani kukahesabiwa utovu wa adabu, sawa na kuinua kifuniko jikoni kwa watu.

Serikali ilichelewa kidogo kuiona neema hiyo, lakini ilipoiona haikufanya uvivu. Zahanati hujengwa miaka miwili; kionjo cha zahanati hujengwa nusu saa, na hakihitaji dawa. Ikaundwa Wizara ya Mwonekano, na ndani yake Idara ya Vionjo, iliyokuwa ghorofa ya tatu ya jengo lenye ghorofa mbili. Ghorofa ya tatu ilikuwepo kwenye kionjo cha jengo. Watumishi walikaa kwenye ngazi ya kuiendea, kila mtu kipandio chake kwa cheo chake.

Kila kionjo kilikuwa na picha moja, maelezo mistari miwili, na kichwa kisichozidi herufi thelathini na tano pamoja na nafasi. Kilichozidi hapo, mashine ilikikata ikaweka nukta tatu. Mashine ilikuwa moja tu nchi nzima, kwa hiyo ndiyo hiyohiyo iliyopitisha na ujumbe wa raia, na raia nao ikawakata palepale.

Sikudhani alikaa kipandio cha chini kabisa. Kazi aliipata kwa cheti cha masomo ya jioni, aliyoyasoma na mtoto mgongoni, huku mwalimu akisimamisha somo kila Tunu alipolia na kuliendeleza alipolala. Mwalimu huyo aliwaambia neno moja lililomganda Sikudhani kichwani: usipambe usichokisoma. Kanuni ya Idara ilisema kinyume. "Mpambaji wa kionjo asisome ndani ya ukurasa anaoupamba, asije akapotoshwa na ukweli." Ilibandikwa ukutani, na wenzake waliifuata kwa raha zao.

Yeye alisoma. Kila ukurasa, hadi chini kabisa. Pengine alikuwa mtu pekee nchini aliyefanya hivyo, na hakuwa na wa kumwambia. Ni upweke wa aina yake, kujua kilichomo ndani ya nyumba ambayo mji mzima unausifu mlango wake.

*

Kondo aliondoka siku moja baada ya arobaini ya Tunu, kwenda kuchimba Bwawa la Taifa. Kazi ya miezi sita, walisema. Sasa Tunu alikuwa anakaribia miaka minne.

Kila mwezi ukiandama, kibarua aliruhusiwa ujumbe mmoja. Shida ni kwamba Kondo alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha kuwa mtu haingii kwenye maneno kama ng'ombe anavyoingia shambani. Mtu hutanguliza salamu. Basi ujumbe ulifika hivi:

*Mke wangu mpenzi, salamu nyingi san…*

Hapo ndipo herufi zilipoisha. Habari zake, afya yake, siku ya kurudi, vyote vilibaki ndani ya mashine. Sikudhani alimjibu: "Acha salamu. Unarudi lini?" Akangoja mwezi mzima. Jibu likaja:

*Mke wangu mpenzi, nisamehe kwa kuko…*

Kukosa adabu, bila shaka. Alikuwa anaomba radhi kwa kutosalimia, na radhi nayo ikazila herufi zote. Mwezi uliofuata, moyo ukiwa umemsuta, alirudi kwenye salamu. Miezi arobaini na sita. "San" arobaini na tano. Sikudhani alilala na hiyo "san" masikioni kila usiku, kama mtu aliyeinua mguu kushuka ngazi asikute kipandio cha chini.

Kila ujumbe ulikuja na picha ndogo ya mtumaji ndani ya duara, kuanzia kichwani hadi kifuani. Tunu aliibusu kabla ya kulala. Siku moja alichora ukutani kwa mkaa: Mama, miguu miwili, kuku wa mwenye nyumba, miwili, paka, minne. Baba alikuwa kichwa na mabega ndani ya mviringo.

"Mbona Baba umemweka kwenye sahani?" Sikudhani aliuliza.

"Ndivyo alivyo," alisema Tunu, akaendelea na mkia wa paka.

*

Jumatatu hiyo Bwana Mkurugenzi Shaweji aliteremka kutoka kipandio cha juu kabisa, karibu na ghorofa isiyokuwepo, akasimama vipandio vitatu juu ya Sikudhani, umbali uliotosha kuhutubia.

"Binti, Ijumaa ni Siku ya Mlezi wa Taifa. Ukurasa wa Bwawa unataka kionjo kipya. Kile cha zamani watu wamekizoea, wanakipitisha bila hata kutabasamu. Nataka kionjo ambacho mtu akikiona anashiba. Asibaki na njaa ya kitu kingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bwana Mkurugenzi."

"Na ndani usisome."

"Sawa, Bwana Mkurugenzi."

Akafungua, akasoma. Kionjo cha zamani kilipambwa na mtu aliyemtangulia, mtiifu kuliko yeye, kwa hiyo ukurasa huo alikuwa hajapata kuuona. Palikuwa na hotuba ya Mlezi, mkuu wa nchi, kurasa kumi na moja. Palikuwa na shukrani kwa waliotoa shukrani. Palikuwa na historia ya mkasi uliokata utepe. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa, palikuwa na tangazo:

*Vibarua mia mbili na kumi na wawili wafuatao walimaliza kazi miaka mitatu iliyopita na wanangoja ruhusa ya kurudi makwao. Ruhusa itajitoa yenyewe pindi wananchi elfu moja watakapofungua ukurasa huu na kufika hapa. Ikipita Siku ya Mlezi, wasiosomwa watahesabiwa kuwa wameridhika, na watapewa majembe mapya. Waliofika hapa mpaka sasa: 3.*

Wa kwanza alikuwa fundi aliyeutengeneza ukurasa. Wa pili alibonyeza kwa bahati mbaya, akaacha maneno ya kuomba radhi. Wa tatu alikuwa yeye, dakika hiyohiyo.

Akateremka na orodha kwa kidole. Jina la themanini na saba lilikuwa la Kondo. Aliliwekea kidole juu, akakaa hivyo, kama mtu anayezuia ukurasa usifunguke na upepo.

*

Jioni alipita nyumba kwa nyumba, Tunu mkononi.

"Jirani, nakuomba ufungue ukurasa wa Bwawa. Usome mpaka chini. Mume wangu yumo."

"Mama Tunu," walimwambia, na wengine macho yao yalianguka chini kwa kumwonea haya, "mbona kionjo tumekiona? Maji mazuri. Sisi hatukulelewa kufunua vya watu."

Nyumba arobaini, waliofungua wanne. Mmoja wao alikuwa mlevi aliyedhani ni duka. Waliofika hapa: 7.

Jumanne aliandika kichwa: "Kondo na wenzake 211 wanasubiri." Bwana Shaweji alikisoma akiwa amekishika kwa ncha za vidole.

"Kusubiri ni neno lenye kiu," alisema. "Hili ni bwawa."

Jumatano alileta picha aliyoikuta ndani: wanaume wamekaa ukingoni mwa bwawa wamepanga safu, kila mmoja na kifurushi chake magotini.

"Hawa wamekaa. Taifa halikai. Weka Mlezi ananyoosha kidole kwenye maji."

"Picha ya namna hiyo hatuna, Bwana Mkurugenzi. Siku ya ufunguzi hakufika."

"Kidole tunacho. Maji tutaazima kwa jirani."

Wakaazima, wakaunganisha. Usiku ule Sikudhani hakula. Tunu alimletea kipande cha muhogo mpaka kitandani, akakaa kumtazama akikitafuna, kama yeye ndiye mama.

*

Alhamisi, nguvu zikiwa zimemwisha, aliandika kama walivyoandika wote: "Mlezi wa Taifa amekufanyia mengi." Herufi thelathini na mbili pamoja na nafasi. Ilienea, na tatu zikabaki.

Bwana Shaweji alikunja uso.

"Mlezi. Mlezi tu? Kama mlezi wa kuku?" Akachomoa kalamu, akaandika mbele yake: *Mtukufu*. Akasoma tena. "Na Taifa la nani hili? La jirani?" Akachomeka: *letu*. Akarudi nyuma hatua moja akainamisha kichwa upande, kama mtu aliyetundika pazia. "Mtukufu Mlezi wa Taifa letu amekufanyia mengi. Sasa hiki ni kionjo. Hiki kinashibisha."

Sikudhani alihesabu kwa vidole chini ya mtandio, kama walivyohesabu silabi kwenye masomo ya jioni. Alipofika thelathini na tano alisimama. Akarudi mwanzo, akahesabu tena polepole, na kidole kikasimama palepale.

Mtukufu. Mlezi. Wa. Taifa. Letu. Amekufa.

Sikudhani alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimtaka aseme, akasema.

"Bwana Mkurugenzi, herufi zitazidi."

"Zizidi. Heshima haikatwi."

"Mashine inakata."

"Binti, mimi nina miaka ishirini kwenye ngazi hii." Akaichukua karatasi, akaandika pembeni kwa mkono wake mwenyewe: *Heshima haikatwi. Isiguswe hata herufi moja.* Akatia sahihi, tarehe, na mstari chini ya sahihi. "Peleka kwenye muhuri."

Mwenye muhuri alikuwa Bi Havijawa, mama wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, naye alikaa kipandio cha kati na mto wake wa kukalia. Alikuwa na kadi ya zamani iliyotobolewa dirisha la herufi thelathini na tano, ya kuonea kitakachobaki. Hakuna aliyemwomba aitumie tangu Bwana Shaweji alipofika. Siku hiyo, Mungu ndiye ajuaye kwa nini, aliitoa kwenye mkoba, akaipangusa kwa khanga, akaiweka juu ya karatasi.

Akatazama dirishani. Akatazama tena. Akamtazama Sikudhani, uso wake uliokosa usingizi, kucha zilizotafunwa.

"Yule wako yuko wapi, mwanangu?"

"Bwawani, Mama. Namba themanini na saba. Mwisho ni kesho."

Bi Havijawa aliivuta karatasi karibu. "Bosi ameandika isiguswe?"

"Ameandika."

"Basi mimi nani." Akapiga muhuri, taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Na leo miwani nimeisahau nyumbani," akaongeza, akaisukuma juu ya pua yake ilipokuwa imeteleza.

*

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi kila simu nchini ilipokea picha ya Mlezi ananyoosha kidole kwenye maji ya watu, na juu yake:

*Mtukufu Mlezi wa Taifa letu amekufa…*

Kwanza nchi ilifanya kama ilivyozoea: ikaamini. Mawaziri waliisambaza upesi, kwa kuwa sheria iliwataka kusambaza kila kionjo ndani ya dakika tano, kisha ndipo wakakisoma. Redio ikaweka kaswida. Wapambe walilia, na aliyelia polepole alitazamwa vibaya. Wengine walifunga madirisha ili walie faraghani, na kutoka madirisha hayo ilisikika sauti ambayo wapitao walishindwa kuamua kama ni kilio.

Mlezi mwenyewe aliipata akinywa chai. Hakuwahi kuwa na sababu ya kutilia shaka kionjo, akasikitika sana. Akatangaza siku tatu za maombolezo, na alikuwa wa kwanza kutia sahihi kwenye kitabu cha rambirambi, ukurasa mzima, kwa maneno mazuri. Kalamu ilimwanguka alipofika kwenye jina.

Bwana Shaweji aliitwa mbio.

"Shaweji, mimi nimekufa?"

"Kwa mujibu wa kionjo, Mtukufu, ndiyo. Ila ndani ya ukurasa u hai kabisa."

"Na ndani huko anasoma nani?"

Hilo ndilo lilikuwa jambo la ajabu la siku hiyo, kwamba watu walikuwa wanasoma. Maana kifo si bwawa. Kifo mtu anataka kujua: lini, wapi, kwa ugonjwa gani, anazikwa saa ngapi, na je, kazini watu wanakwenda. Mmoja akafungua huku amefumba jicho moja. Jirani akamwona, naye akafungua. Wakapita hotuba kurasa kumi na moja wakitafuta jeneza. Wakapita shukrani. Wakapita mkasi. Walipofika chini hawakukuta maiti, walikuta majina.

"Njoo uone," mwanamke mmoja alimwita mwenzake juu ya ukuta wa ua. "Huyu Kondo si mume wa yule aliyekuja Jumatatu na mtoto?"

"Na huyu mia na tatu, si kaka yako?"

Kisha mtaa mzima, ua hadi ua, ulianza kuyasoma majina kwa sauti, na Sikudhani, amesimama kizingitini na Tunu kiunoni, alilisikia lile la themanini na saba likija kutoka mbali, likipita mlangoni pake, likiendelea.

Ilipofika saa tatu walikuwa elfu arobaini. Ruhusa ilijitoa yenyewe. Kwa kuwa haikutarajiwa kutoka, hakuna aliyekuwa ameteuliwa kuizuia.

*

Tume iliundwa. Ilimhoji Sikudhani, naye akasema alisema herufi zitazidi. Ikaitazama karatasi, ikakuta pembeni mkono wa Mkurugenzi, na kumwadhibu mtu kwa kumwita Mlezi "Mtukufu" kungeleta mfano mbaya. Baada ya siku nne tume iligundua kuwa hatia ni ya neno lenyewe. Kitenzi "kufanyia" kikapigwa marufuku nchi nzima. Kuanzia hapo Mlezi hakumfanyia mtu lolote, alimtendea tu. Bwana Shaweji akapandishwa cheo mpaka ghorofa ya tatu, na hakuonekana tena.

Mlezi alitangaza kuwa yu hai, kwa kionjo, na wananchi wakaamini bila kufungua. Adabu ilirudi. Majirani walimsalimu Sikudhani wakitazama pembeni, kama watu walioonana bafuni.

Na usafiri wa vibarua ulitumwa kama ilivyoahidiwa: mabasi manane, mapya, viti vyekundu. Vibarua waliyatazama kwenye simu, wakabeba vifurushi mgongoni, wakaanza kutembea.

Sikudhani hakujua hilo. Alijua tu kwamba mwezi uliandama na ujumbe haukuja. Hata "san" haikuja. Siku ya tano alifua shati la Kondo lililokuwa safi. Siku ya nane alimwambia Tunu kwamba Baba yuko njiani, kisha akatoka nje kukaa peke yake na jambo alilolisema. Komeo liligonga mara moja alfajiri ya tisa, mara moja alfajiri ya kumi.

Siku ya kumi na moja, magharibi, umeme umekatika, anatafuta kiberiti kwa kupapasa.

Kti-kti.

Hakukimbia. Aliwasha kibatari kwanza, ndipo akafungua.

Mtu mwembamba alikuwa amesimama nje ya kizingiti, hajaingia, anangoja kukaribishwa. Nywele zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Ilionekana kuwa alikuwa ameyabeba maneno yake njia nzima na aliogopa yasije yakakatika.

"Mke wangu mpenzi," alisema Kondo, "salamu nyingi sana."

Sikudhani aliisikia ile "a" ya mwisho ikifika, ikikaa mahali pake. Alitaka kuitikia. Mkono ndio uliotoka, ukamshika mkono wa shati, ukaushikilia.

Tunu alijipenyeza katikati yao na kuinua kibatari kilichokuwa sakafuni. Aliutazama uso, uso aliufahamu, akautolea tabasamu la kila usiku. Kisha macho yake yakateremka mpaka kifuani, pale duara lilipokuwa likiishia, yakasita. Yakaendelea kuteremka. Tumbo. Magoti. Akachuchumaa na taa yake mbele ya nyayo mbili zilizopasuka, nyekundu kwa udongo wa mbali, akagusa kidole gumba kimoja, kisha cha pili.

"Kumbe Baba ana miguu," akasema.